Meza ya wazi, tangi la kioo au sanduku la kufungwa: kobe wa ndani akae wapi?

Kobe hajui kwamba sebule ina joto. Kipimajoto cha ukutani kitasoma nyuzi 21, wewe umejilaza kwenye kochi na shati jepesi, na yeye aliye sakafuni karibu na mlango yuko kwenye nyuzi 15, upepo unampita tumboni. Yote nitakayosema hapa kuhusu meza, tangi na sanduku yanatoka kwenye jambo hilo moja. Pima pale gamba lilipo, ndipo uamue ujenge nini.

Ninaishi kaskazini mwa Uingereza na kobe wawili. Wa kwanza ni Tulia, kobe wa nyika za Asia ya Kati ambaye wafugaji wa huku humwita kobe wa Horsfield. Ni jike mzima wa sentimita 18. Wa pili bado mdogo, ni kobe chui, aina ileile tuliyokuwa tukiikuta vichakani nyuma ya mashamba ya mkonge nilipokuwa mtoto Tanga, ila huyu alitotolewa hukuhuku kwa mfugaji na Afrika hajaiona. Kwa ajili ya hao wawili nimetumia vizimba vya kila namna, na kimoja nilikosea vibaya. Nimeandika ili mwenzangu mwenye kobe mpya na chumba cha baridi asianzie nilipoanzia mimi.

Kobe gani, na chumba gani

Swali la "kizimba kipi ni bora" halina jibu mpaka useme unafuga nani. Tulia asili yake ni nchi kavu: Kazakhstan, Uzbekistan, Afghanistan, Iran. Kule mchana wa kiangazi unachoma na usiku unapoa sana, naye hujichimbia ardhini kukwepa yote mawili. Ni kobe mgumu. Wawili wa aina yake walizungushwa Mwezi mnamo Septemba 1968 ndani ya chombo cha Kisovieti, Zond 5, wakarudi duniani wakiwa hai. Mahitaji yake ni upande mmoja wa moto, upande mmoja uliopoa, hewa inayotembea, na udongo wa kuchimba. Kobe wa Hermann wa kusini mwa Ulaya anafanana naye kwa mengi, ila yeye kazi yake kubwa ni kupanda.

Kobe chui mchanga ni habari nyingine kabisa. Hana usingizi wa majira ya baridi, usiku anataka joto, na miaka yake ya mwanzo anataka unyevu kuliko mtu anavyotarajia kwa mnyama wa savana. Watu husema "huyu ni wa jua kali", wakamkausha. Lakini kitoto cha kobe porini hakikai juani kutwa. Kinajibana chini ya mashina ya majani na kwenye mashimo, ambako hewa imeshika umande.

Mahali pa kuota joto, wote wawili nawawekea nyuzi 32 hadi 35, nikipima juu ya gamba. Tofauti iko upande wa pili na usiku. Tulia upande wake wa ubaridi ni nyuzi 20 hadi 24, na usiku ikishuka hadi 15 hana neno. Mdogo upande wake wa ubaridi haushuki chini ya 25, na usiku simruhusu kufika chini ya 22.

Sasa chukua kipimajoto, kilaze chini mahali unapotaka kuweka kizimba, ukisome saa kumi na moja alfajiri. Ukikuta 18, una uhuru wa kuchagua. Ukikuta 13, uchaguzi wako tayari umepungua.

Meza ya wazi

Wenyewe huiita meza ya kobe, lakini ni sanduku pana la mbao lisilo na kifuniko, linalowekwa juu ya meza au miguu yake. Kwa kobe mzima wa nchi kavu, ndani ya chumba ambacho hakigandi, mimi sioni kinachoishinda. Hewa haitwami. Joto la taa linabaki upande wa taa, kwa hiyo upande wa pili unapoa kwelikweli na kobe anajichagulia. Tena eneo ni kubwa kwa fedha kidogo, na eneo ndilo kobe anahitaji, kwa sababu anatembea. Udogo wa chini kabisa ambao ningeukubali ni sentimita 120 kwa 60. Chini ya hapo huwezi kupata pande mbili za joto tofauti.

Nilijenga ya Tulia kwa bamba moja la plaiwudi la milimita 12, lile la kawaida la milimita 2440 kwa 1220. Mwambie mwenye duka la mbao alipasue kwa urefu: kipande kimoja cha 610 na viwili vya 300, na msumeno utakula milimita zilizobaki. Kisha vyote vitatu vikatwe kwenye 1600. Cha 610 ni kitako, viwili vya 300 ni kuta ndefu. Kwenye mabaki ya 300 kata kuta mbili fupi za 586, kwa sababu kuta zote zinasimama juu ya kitako na hizo fupi zinaingia katikati ya zile ndefu. Utabaki na kipande cha 840 kwa 610, nacho usikitupe. Kinatosha paa la chumba cha kulala na vibao vya upana wa sentimita 7 vya kupigilia kwenye pembe kwa juu, viingie ndani kama ukingo. Pembe ndipo kobe anapopandia. Anaegemeza gamba ukuta mmoja, miguu anaipiga ukuta wa pili, na kabla hujanywa chai yuko sakafuni, pengine amelala chali.

Ndani nilitandika plastiki nzito ya mabwawa ya bustani, nikaipandisha ukutani, ili maji yasiozeshe mbao. Sikupaka vanishi. Ukiamua kupaka, chagua isiyo na sumu na uiache ikauke mpaka harufu iishe kabisa, maana taa itaipasha moto kila siku.

Udongo ni wa bustani usio na mbolea, mafungu mawili, na mchanga laini uliooshwa fungu moja. Mchanga mtupu hapana. Kobe humeza mchanga pamoja na chakula, ukamziba matumbo. Maranda ya mwerezi na ya msonobari nayo hapana, mafuta yake yanaudhi mapafu. Kina kiwe sentimita 10 sehemu kubwa na 20 kwenye chumba cha kulala. Kwa nini humo? Kwa sababu kuta ni za sentimita 30, na udongo ukijaa 20 panabaki 10 tu za kumzuia, ambazo Tulia anazivuka bila shida. Chumba cha kulala kina paa, kwa hiyo achimbe humo anavyotaka.

Kasoro za meza ni mbili. Joto na unyevu vinapaa, basi. Chumba kikiwa baridi, taa inapasha dari la nyumba na kobe anapata masalio. Na juu pako wazi, kwa hiyo nyumba yenye mbwa au mtoto wa miaka miwili itabidi iweke wavu imara. Utajua meza haikufai pale utakapojikuta unaifunika: leo nusu, kesho robo tatu, kesho kutwa blanketi. Hapo tayari unahitaji sanduku, lijenge tu.

Tangi la kioo

Hiki ndicho kizimba chetu cha kwanza. Muuza duka alinionyesha tangi la sentimita 90 kwa 45, safi, linang'aa, akaniambia linatosha. Nilimwamini kwa sababu sikujua kitu, na Tulia ndiye aliyelipa.

Kobe haelewi kioo. Anaona upande wa pili, anaona hakuna kizuizi, anakwenda. Tulia alikuwa akiparuza kioo kuanzia asubuhi mpaka taa izime, siku baada ya siku, nami nikidhani anafanya mazoezi. Tangi refu kwenda juu na jembamba chini hukusanya joto pia. Nikiwasha taa ya kumpa nyuzi 34, baada ya saa mbili upande "wa ubaridi" ulikuwa 31. Nikizima, lilipoa haraka, na udongo uliokuwa umelowa ukabaki umelowa kwenye baridi, maana hewa chini ya tangi haitembei. Wiki ya sita alianza kutoa mapovu puani. Daktari wa wanyama anayejua reptilia alimpa dawa ya sindano kwa siku kadhaa, akaniuliza swali moja tu kuhusu makazi: "Umepima wapi?" Kipimajoto changu kilikuwa kimebandikwa juu karibu na mfuniko.

Je, tangi lina faida? Linashika unyevu, na kwa kitoto cha kobe hilo si dogo. Ila sanduku linafanya kazi hiyohiyo kwa mpangilio mzuri zaidi. Kama tayari unalo na fedha imekwisha, litumie kwa kitoto kwa miezi michache. Bandika karatasi nzito kwa nje kuanzia chini hadi sentimita 15 ili aone ukuta, na taa ikae pembeni kabisa, isiwe katikati. Kwa kobe mzima, hapana. Usilinunue eti kwa sababu bei imeshushwa. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na bili ya yule daktari ilizidi bei ya plaiwudi mara kadhaa.

Sanduku la kufungwa

Hapa ndipo anapokaa yule mdogo. Ni sanduku lenye paa na milango mbele, na taa zote ziko ndani. Sababu ya kulichagua ni gamba.

Umewahi kuona kobe wa kufugwa mwenye gamba lililopanda vilima, kila pande limeinuka kama kichuguu? Kwa miaka mingi wafugaji walilaumu chakula chenye protini. Mwaka 2003 Wiesner na Iben walichapisha utafiti wao juu ya vitoto vya kobe wakubwa wa Sahel, wale wenye miiba mapajani, wakiwalea kwenye viwango tofauti vya unyevu na vya protini. Ukavu wa hewa ndio uliofanya vilima vipande. Protini mchango wake ulikuwa mdogo. Gamba linaloota kwenye hewa kavu halilali sawa, na likishaota hivyo halirudi. Miaka miwili ya kwanza ndiyo inayoamua sura yake ya maisha, na kobe chui anaweza kuishi miaka mingi kuliko wewe uliyemnunua.

Kwenye meza ya wazi, nyumba yenye rejeta, vile vipasha joto vya ukutani, zinazowaka majira yote ya baridi, unyevu wangu ulisoma asilimia 35. Ningeweza kunyunyiza maji kila saa na bado yangepaa. Ndani ya sanduku unakaa kati ya 70 na 80, nami namwaga maji kwenye pembe mara moja kwa wiki tu. Namwaga pembeni ili yashuke, tabaka la chini lilowe na la juu libaki kavu, kwa sababu tumbo la kobe likishinda kwenye tope gamba la chini huoza. Nimetandika vumbi la usumba. Wanaliuza huku likiwa limeshindiliwa kama tofali. Mara ya kwanza nilipolilowesha, harufu ilinirudisha pwani kwenye makumbi yaliyofukiwa.

Unyevu huu una sharti: uende na joto. Ukavu wenye joto unaharibu gamba polepole, lakini unyevu wenye baridi unashambulia mapafu haraka zaidi. Ndiyo maana sanduku bila kidhibiti joto silipendekezi kwa mtu yeyote. Usiku linapashwa na kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, kilichofungiwa ndani ya kizimba cha waya asikiguse, na ncha ya kidhibiti inakaa sentimita 5 juu ya udongo, upande wa katikati. Taa nyekundu na za buluu za usiku usizinunue. Kobe anaona rangi, na usiku anataka giza.

Langu ni sentimita 120 kwa 60 na kimo 60, plaiwudi iliyozibwa kwa rangi ya maji kila kiungo. Tundu za hewa ziko upande wa baridi kwa chini na upande wa moto kwa juu, hivyo hewa inaingia hapa na kutokea kule bila kuvuma. Ni kazi kubwa kuliko meza: bawaba, reli za milango, nyaya za kupitisha. Nilimwita fundi umeme aje aangalie kabla sijaliacha likiwaka nikiwa kazini, nami nakuomba ufanye hivyo. Mbao, joto na nyaya ndani ya boksi lililofungwa si mambo ya kubahatisha. Taa itundikwe kwa mnyororo au skrubu. Kibanio peke yake kinateleza.

Na sanduku lina mwisho wake. Kobe chui anaweza kupita sentimita 40, na kobe wa Sahel hupita hapo mbali sana, akafikia uzito wa mtu mzima. Hakuna sanduku la sebuleni litakalomfaa. Anayemnunua akiwa saizi ya kiganja afikirie chumba kizima chenye joto, la sivyo achague kobe mwingine leo.

Beseni

Beseni kubwa la plastiki, lile la kuchanganyia saruji, linafaa kwa karantini ya kobe mgeni au kwa mgonjwa anayehitaji kuoshewa kizimba kila siku. Kuta zake hazipenyi mwanga, na hilo ni jema. Si makazi ya kudumu.

Taa ni zilezile, mahali ndipo tofauti

Kobe anahitaji miale ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ili ngozi yake itengeneze vitamini D3, na bila D3 kalsiamu ya chakula inapita tu. Gamba linalainika, miguu inapinda. Kioo cha dirisha kinazuia miale hiyo, kwa hiyo kobe anayeota jua nyuma ya dirisha anapata joto pekee. Hili limewaponza wengi wanaoweka kizimba dirishani wakiamini wameokoa fedha.

Nunua taa ndefu ya mrija, aina ya T5, yenye kiakisi, ifike karibu nusu ya urefu wa kizimba, na uiweke upande uleule wa taa ya joto. Kwenye meza unaweza kuipandisha na kuishusha kwa mnyororo mpaka ifike umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Kwenye sanduku umbali umefungwa na paa, basi pima kwanza kutoka darini hadi mgongoni mwa kobe, ndipo uchague nguvu ya taa. Usiiweke juu ya wavu, wavu unakula sehemu ya miale. Ibadilishe kila baada ya mwaka hata kama inawaka, maana mwanga unaouona unadumu kuliko miale usiyoiona. Taa ya joto iwe halojeni ya mwanga mpana, isiwe ya mwanga mwembamba unaochoma nukta moja ya gamba. Mikeka ya umeme ya chini sina imani nayo. Kobe ameumbwa kupata joto kutoka juu, na tumbo lake haligundui haraka kwamba linaungua.

Kwa umeme, hesabu yangu ni hii. Mezani nahitaji wati 100 kufikisha nyuzi 34. Saa 12 ni uniti 1.2 kwa siku. Sandukuni wati 50 zinatosha, yaani uniti 0.6, lakini kipasha joto cha usiku kinaongeza sehemu yake. Mwisho wa mwezi vinakaribiana. Kwa hiyo gharama ya umeme isikuchagulie kizimba.

Kwa walioko nyumbani

Tanga, Mombasa au Bujumbura, kobe wa ndani hana sababu ya kuwa ndani. Ua wenye kivuli, ukuta wa matofali na maji unashinda kila nilichojenga. Waliofika kisiwa cha Changuu, Unguja, wamewaona kobe wakubwa wa Aldabra wakitembea chini ya miti bila taa yoyote. Ila kobe wa porini hachukuliwi tu. Kenya, mnyamapori hafugwi bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na Tanzania nako kuna vibali vyake. Kobe bapa wa mawe, ambaye ni wa kwetu hasa, tangu 2019 yuko kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, orodha inayofunga biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Huku Uingereza, kobe wa Hermann anauzwa akiwa na cheti chake. Asiye na cheti usimguse.

Ukishajenga, chochote utakachochagua, kobe asiingie siku hiyo. Washa taa zote, weka udongo na maji kwenye kisahani cha chungu cha maua, kisha acha kizimba kifanye kazi siku mbili kikiwa kitupu. Laza kipimajoto kimoja chini ya taa na kingine upande wa pili, usome asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku na alfajiri, uandike. Mimi ya Tulia ilinibidi niishushe taa sentimita 6, na mlango wa chumba niuzibe kwa kitambaa kwa chini. Siku ya tatu nilimweka katikati. Alitembea mpaka ukutani, akagusa mbao, akageuka, akaenda kulala chini ya taa miguu yote minne imenyooshwa.